Kabla ya kuuliza nani atafunga goli, uliza nani atafungua geti

Mtoto wa marehemu dada yangu ana kovu juu ya jicho la kushoto. Watu humwuliza kama alianguka na baiskeli, maana hapa Tanga watoto wengi hujua baiskeli kabla hawajajua kusoma. Yeye hujibu neno moja: geti. Alikuwa na miaka tisa, na mimi, mama yake mdogo, ndiye niliyempeleka.

Ilikuwa fainali ya ndondo, mpira wetu wa mitaani, baina ya timu za mitaa miwili inayopakana. Timu sizitaji, wala kiwanja, kwa sababu watu wa pande zote mbili tunazikana na kuoana hadi leo. Kiwanja kilizungushiwa ukuta, kina mageti mawili. Moja lilipigwa mnyororo tangu asubuhi ili watu wasiingie bila kiingilio. La pili liliachwa bawa moja wazi, tupite mmoja mmoja tukitoa hela. Yote hayo niliyaona wakati naingia na sikuyatilia maanani. Nilikuwa natafuta penye kivuli.

Dakika za mwisho refa akatoa penalti. Zikaruka chupa za maji, kisha mawe, vijana wakavamia uwanja. Askari walikuwa wachache, wamekusanyika karibu na benchi la wachezaji wa akiba. Bomu la kwanza la machozi likaangukia katikati ya uwanja. La pili likaangukia upande wetu, ambako hakuna aliyerusha hata ganda la chungwa. Upepo wa jioni ulikuwa unatoka baharini, ukatuletea moshi wote.

Tukakimbilia bawa lile moja la geti, watu mia kadhaa kwa mara moja. Mtu hawezi kulijua hili mpaka limkute: pale huchagui tena uendako. Miguu yangu iliachana na ardhi nikawa nabebwa na watu. Mkono wa mtoto nilikuwa nao, lakini mwili wake sikuuona. Nikapiga kelele, "Afande, fungueni geti! Kuna mtoto huku!" Askari aliyekuwa nje akanijibu, "Mama, rudini nyuma!" Nimemfikiria sana yule askari kwa miaka hii yote. Kwa alipokuwa amesimama, aliona watu wanaosukuma. Hakuweza kuona watu wanaosukumwa.

Aliyemwokoa mwanangu ni kijana mwenye jezi ya wapinzani wetu. Alimnyanyua juu ya vichwa vya watu, akampitisha kwa mtu aliyepanda ukutani. Chuma cha juu ya geti ndicho kilichompasua usoni. Tulimpeleka hospitali ya Bombo akashonwa nyuzi sita. Siku ile hakufa mtu, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoliona lile kovu.

Naandika haya kwa sababu kila msimu unapofika, kina mama wenzangu huniuliza kama inafaa kumpeleka mtoto kwenye mechi ya watani. Jibu langu ni ndiyo, mpeleke. Mimi nimelelewa Ngamiani katika nyumba ambayo baba alikuwa African Sports, Wana Kimanumanu hasa, na mjomba alikuwa Coastal Union. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, mjomba alikuja kula kwetu siku tatu mfululizo kwa makusudi, na baba alimkaribisha siku zote tatu. Mwaka 2016 timu zetu zote tatu, Coastal, Sports na Mgambo, zilishuka daraja msimu mmoja. Nakumbuka Wagosi, yaani watu wa Coastal, na Wana Kimanumanu wamekaa benchi moja la kahawa, hakuna mwenye la kumwambia mwenzake. Kwa hiyo sikubali mtu anaponiambia kuwa utani ndio unaoleta vifo. Utani tunao tangu babu zetu.

Kinachoua ni msongamano wenye hofu mbele ya njia iliyofungwa. Angalia yaliyotokea kwa wenzetu. Accra, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak walikuwa wanaongoza 2-1 dhidi ya Asante Kotoko. Mashabiki wa Kotoko wakaanza kurusha viti na chupa, polisi wakapiga mabomu ya machozi majukwaani, watu wakakimbilia mageti wakayakuta yamefungwa. Walikufa watu 126. Miaka 21 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2022, mambo yakawa yale yale mjini Malang, Indonesia: Arema wamefungwa nyumbani na watani wao Persebaya, vijana wameingia uwanjani, gesi imepigwa mpaka majukwaani, milango ni myembamba na mingine haikufunguka vizuri. Watu 135. Waliorusha vitu ni wachache, na waliokufa wengi wao hawakurusha kitu.

Wala haihitaji fujo. Johannesburg, Aprili 2001, mechi ya Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, watu 43 walikufa kwa sababu waliokuwa nje walilazimisha kuingia uwanja ulioshajaa. Na sisi tusijione tuko mbali. Machi 2021 Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wakati wa kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Hapakuwa na mpira wala ugomvi, palikuwa na majonzi tu. Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger pale Mkapa, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakaumia kwenye kuingia. Wote hao walitoka nyumbani kwao wamevaa vizuri.

Tunazoea kusema "wamekanyagwa". Wengi hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama, kifua kimebanwa mbele na nyuma hadi hakina nafasi ya kupanuka, hewa ipo lakini haiingii. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini ushauri wangu unaanzia mlangoni.

Ukifika uwanjani, kabla hujatafuta pa kukaa, zunguka. Hesabu mageti yote. Tazama lipi lina mnyororo, lipi linafungukia ndani, lipi lina ngazi au mtaro mbele yake. Halafu kaa karibu na lile lililo wazi kabisa, hata kama jua linakupiga. Mimi siku hizi hukaa pembeni, kamwe siyo katikati ya jukwaa wala chini kabisa kwenye wavu. Uwanja wetu wa Mkwakwani ni bora kufika saa mbili kabla ya mechi kuanza, kwa sababu wanaoumia wakati wa kuingia ni wale wanaosikia kelele za goli wakiwa bado nje. Ukisikia goli na wewe uko kwenye foleni, goli hilo limekupita, kubali. Na mwisho wa mechi, ama toka dakika kumi kabla ya filimbi, ama kaa kitako mpaka wenye haraka waishe. Bajaji hazitaisha mjini.

Mtoto mwandikie namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu. Mwonyeshe kitu kimoja kisichohama, mti au duka, umwambie tukipotezana tunakutana hapa. Usimvalishe ndala. Na akiwa mdogo wa kubebwa, mechi ya watani si ya kwake bado. Hapo sina mjadala na mtu.

Mkishabanwa, mikono ipande mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi. Mtoto awe mbele yako, ndani ya mikono hiyo, au juu ya mabega. Usimshike kwa nyuma kama nilivyofanya mimi. Usipambane kurudi ulikotoka, hutaweza. Watu wanaposukuma kuna kama wimbi, linakuja na kutulia. Likitulia, sogea hatua mbili upande, ukielekea ukingoni, siyo mbele. Simu ikianguka, iache. Kiatu kikitoka, kiache. Ukianguka wewe na ukashindwa kuinuka, lala ubavu, kunja magoti, funika kichwa. Na usipige kelele zisizo na maana, maana pumzi ni mali pale. Wanaume wawili watatu wakianza kusema kwa sauti moja "rudi nyuma, rudi nyuma", waliosimama mwisho husikia, na wao ndio wenye uwezo wa kuifungua ile kani.

Kuhusu moshi wa mabomu, usiyapikiche macho. Tembea upande ambao upepo unatokea, hata kama umati wote unaelekea kwingine. Kwa Mkwakwani jioni upepo mara nyingi unatokea baharini, kwa hiyo kumbuka bahari iko wapi. Osha uso kwa maji mengi safi, ukifika nyumbani vua nguo nje. Mwenye pumu aondoke mapema, dalili za kwanza tu.

Sasa askari. Nina kaka polisi, na siandiki haya kwa chuki. Anaambiwa asimame na wenzake wachache mbele ya maelfu, jua kali, anatukanwa mama yake kwa dakika tisini, na mawe yakianza anatakiwa aamue kwa sekunde. Lakini kanuni za usalama za FIFA zinakataza askari wanaolinda kandokando ya uwanja wa kuchezea kubeba au kutumia silaha za moto na gesi ya kutawanya watu. Kanuni hiyo imeandikwa kwa damu ya watu. Gesi inatawanya watu barabarani, ambako kuna pa kutawanyikia. Ndani ya ukuta haitawanyi, inasukuma. Nimemwambia kaka yangu mara nyingi, kama mmeona lazima mtumie nguvu, mageti yote yawe yamefunguliwa kwanza, na mtu wenu mmoja awe nje anatazama kama watu wanatoka au wamekwama. Ananiambia kazini huwa wanalijua hilo, tatizo ni siku yenyewe, hakuna aliyemjua mwenye ufunguo.

Na sisi mashabiki tujisemee ukweli. Vurugu nyingi nilizoziona hazikuanzia kwenye goli, zilianzia getini asubuhi. Kamati za ufundi, wenyewe tunajua ninazosema, zile za mambo ya uganga, zinalinda milango usiku kucha, timu inakataa kupita mlango wa wageni, basi linazuiwa, mtu anashukiwa amemwaga kitu. Mpaka saa kumi jioni watu wameshapigana mara mbili na askari wameshakasirika. Mlango ambao watu wanaogopa kuupita kwa sababu ya dawa ndio huo huo utakaohitajika kuokoa watu. Naomba viongozi wa matawi, wa Coastal na wa Sports na wa timu zote za mitaani, mkutane na kituo cha polisi siku chache kabla, mkubaliane nani anapita wapi, na kila upande utoe watu wazima wanaoheshimiwa wakae kwenye mpaka wa mashabiki. Kijana atamrushia askari jiwe. Baba yake wa mtaani akimwita kwa jina, atalitupa chini.

Ukikamatwa, au mwanao akikamatwa, usivutane nao pale. Uliza kwa adabu anashikiliwa kwa kosa gani na anapelekwa kituo gani, kisha mfuate. Sheria inataka aambiwe kosa lake na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajaachiwa. Dhamana ya polisi ni bure, hailipiwi. Akiwa chini ya miaka 18 sema hivyo mara ya kwanza unapoongea na askari wa kaunta, na ubaki naye.

Mwanangu ana miaka 17 sasa, na mwaka huu alikuwa miongoni mwa waandaaji wa ndondo ya mtaani kwetu. Wiki nzima nilikuwa nawauliza swali moja: ufunguo wa geti la nyuma anao nani? Mmoja alisema anao mlinzi. Mlinzi akasema alimpa mwenyekiti. Mwenyekiti akasema uko kwa fundi aliyepaka rangi, na fundi amekwenda msibani Pongwe, simu haipatikani. Siku ya fainali, saa nane mchana, watu wa timu zote mbili wakaazima msumeno wa chuma kwa jirani. Mwanangu ndiye aliyelishika kufuli wakati linakatwa. Mechi ilianza saa kumi, mageti yote mawili yako wazi, na kwenye kila moja amekaa mzee mmoja na kiti chake.