Anti mpya darasani: ya kujua kabla hujaanza kazi kwenye chekechea ya kanisa

Wadogo zangu mnaoanza usaidizi wa darasani kwenye chekechea za makanisa huku kwetu, kuanzia Iringa na Makambako hadi Mbeya na Tukuyu, wengi wenu mmetokea kwaya au shule ya Jumapili. Nyimbo mnazijua, habari za Nuhu na safina mnazisimulia vizuri. Mtazihitaji, ila ibada ya asubuhi ya watoto wa miaka mitatu ikizidi dakika kumi imeshaharibika. Muda wote unaobaki ni kamasi, vifungo vya sweta, uji na choo. Mzazi akitaka kujua kama mnampenda mwanawe, hataangalia wimbo, ataangalia hayo.

Uliza mapema umeajiriwa upande gani. Darasa la awali lina mtaala wa wizara ya elimu, na mtoto hulisoma mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kituo cha kulelea watoto mchana ni jambo jingine: kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kazi yake ni malezi na michezo. Makanisa mengi yameviweka vyote viwili kwenye kiwanja kimoja, basi msaidizi anajikuta asubuhi yuko huku, mchana yuko kule. Wa miaka miwili usimlazimishe kushika penseli eti kwa sababu mama yake anataka aandike. Mpe udongo, mpe visoda avipange, vidole vitapata nguvu. Mzazi akihoji, mpeleke kwa mwalimu mkuu. Usibishane naye getini.

Tena getini ndipo kazi inapoanza. Mtoto akifika, akishakuamkia nawe ukaitika marahaba, mwangalie kabla mzazi hajageuza bodaboda. Paji la uso lina joto? Kichwani kuna mapunye? Ana vipele, macho mekundu? Muulize mama amelalaje, amekula nini. Ukiona jeraha au alama ya kuungua, uliza palepale kwa upole na uandike kwenye daftari la mapokezi pamoja na saa. Alama isiyoandikwa asubuhi, jioni itaitwa ya kwenu. Na kama maelezo ya jeraha hayaeleweki, au yanajirudia kila wiki, mpe taarifa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Yupo afisa ustawi wa jamii, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Asikwambie mtu kwamba mambo hayo yaishie kwa mchungaji tu.

Jioni nayo ina daftari lake. Mtoto anaondoka na mtu aliyeandikwa, basi. Akija kijana anajiita mjomba na jina lake halipo, mpe kiti, mpigie mama simu, hata kama mtoto anamrukia kwa furaha. Atakasirika. Mwache akasirike.

Sasa baridi, maana hili wenzetu wa Dar hawalijui. Juni na Julai, Mbeya na Njombe, watoto wanafika wamevaa sweta mbili na kofia, na zote zinafanana. Andika majina ndani ya kola, la sivyo kila jioni utasuluhisha kesi za masweta. Hilo ni dogo. Kubwa ni jiko la mkaa. Kuna vituo vinaliingiza chumba cha kulala watoto, vinafunga na madirisha ili joto lisitoke. Usikubali. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtoto aliyelala hatakohoa wala kulalamika. Anazidi tu kulala. Ukiona watu wawili watatu chumbani wanaumwa kichwa au wanatapika kwa pamoja, toa kila mtu nje kwanza, halafu ndiyo uulize maswali. Watoto wapate blanketi, soksi na uji wa moto, na dirisha libaki wazi kidogo. Hata bila jiko, wakilala usitoke kwenda kuchaji simu. Pita kwa kila mmoja, sikiliza anavyopumua.

Tukuyu na Rungwe shida yenu ni mvua zaidi. Viatu vivuliwe mlangoni, na kila mtoto awe na soksi za akiba.

Uji upoe kabla haujafika mezani. Sufuria ya moto isipite katikati ya watoto. Karanga nzima usiwape wa chini ya miaka mitano, zisagwe kwenye uji. Parachichi lipondwe. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, mwinamishe mbele, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, huku mwenzako akiita msaada. Hatua zinazofuata zinataka mkono uliofundishwa, hivyo mwombe mkuu awapeleke mafunzo ya huduma ya kwanza kabla hamjanunua spika mpya ya ibada. (Spika hununuliwa kwanza kila mahali, sijui kwa nini.)

Wapo watoto wa Kiislamu, na si wachache. Wazazi wao walijua ni kituo cha kanisa walipowaleta. Wewe usimtenge mtoto wakati wa sala, usimtanie jina, na siku ya sherehe mkichoma kitimoto sahani yake isichanganywe. Na mtoto yeyote, wa dini yoyote, usimtishe kwa shetani ili anyamaze. Atanyamaza kweli, kisha usiku atakojoa kitandani na mama yake hatajua sababu.

Aliyelelewa na bibi kijijini anaweza kufika anajua Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe tu. Jifunze kwa wapishi namna ya kusema maji, njaa, mkojo na naumwa. Hayo manne yanatosha wiki za mwanzo.

Darasani, mwalimu akigeukia ubao wewe simama nyuma. Ukimwona mtoto anabana magoti, mtoe taratibu bila kutangaza. Chooni msaidie anachoshindwa tu, mlango usifungwe, na mwenzako ajue uko wapi na nani. Hii inamlinda mtoto, nawe inakulinda. Mwalimu akikosea herufi, usimsahihishe mbele ya watoto. Mwambie wakati wa uji. Simu ibaki mfukoni. Picha za watoto si za kuweka stetasi, hata siku ya mahafali, mpaka mzazi ameruhusu.

Mwisho wa mwezi utasikia neno huduma likitajwa sana. Kujitolea si vibaya, ila kuandikwe: kunaanza lini, kunaisha lini, nauli na chakula ni vya nani. Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiri wajibu wa kukuandikia masharti ya kazi, awe kanisa au kampuni. Kwa ajira ya kudumu kuna likizo ya mwaka ya siku 28, na ya uzazi siku 84. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Yaulize haya siku unayopewa barua, mbele ya mhasibu, kwa heshima na sauti ya kawaida. Na baada ya miezi michache angalia kwenye akaunti yako ya NSSF kama michango imeingia.