Dakika mbili za mwisho ndo zinaiangusha NBA

Mkuu umeuliza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ifanye nini watu warudi kwenye TV, mi naona waanze na dakika mbili za mwisho, mana timu iliyo nyuma inacheza faulo makusudi ili saa isimame, mara mitupo huru, mara taimauti, mara matangazo, na huku kwetu ni alfajiri usingizi unakubeba kabisa. Wachukue ile kanuni ya All-Star 2020, mechi ya mastaa wa ligi, pale Chicago, robo ya nne saa ya mechi ilizimwa, wanaoongoza walikuwa na pointi 133 ikaongezwa 24, yani wa kwanza kufika 157 kashinda, Anthony Davis akamaliza kwa mtupo huru, aisee nilisimama sebuleni! Afu mechi 82 kwa msimu ni nyingi mno, wapunguze mechi ili mastaa wacheze zote.