Waya Mmoja Tu Kwenye Kona ya Picha

Msomaji ameuliza: picha yake ya habari imetoka vizuri, ila kona ya kushoto umeingia waya wa kipaza sauti. Waya wenyewe hauhusiani na tukio. Je, aufute?

Asiufute. Kamera ya video iliyokuwa kwenye kona ya picha ya mpigapicha Narciso Contreras, aliyompiga mpiganaji nchini Syria mwaka 2013, nayo haikuhusiana na tukio. Aliifuta, na Januari 2014 shirika la habari la Associated Press likaachana naye, ingawa alikuwa katika timu yake iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia. Mhariri akishajua umefuta kitu kidogo, atajiuliza umefuta nini kingine.

Kukata kingo kunaruhusiwa, mradi usimwondoe mtu ambaye bila yeye tukio linasomeka vingine. Mwanga nao unarekebishwa, lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kutia giza kunaweza kufuta kitu sawasawa na kifutio. Mwaka 2015, shindano la picha za habari la World Press Photo liliondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, na baadhi yake kosa lilikuwa vivuli vilivyokolezwa hadi vilivyomo vikapotea. Kwa hiyo fanyia kazi nakala, kamwe si faili asili. Anza na mwangaza wa picha nzima, ndipo uguse sehemu moja moja. Ukimaliza, weka asili na nakala ubavuni, zote kwa ukubwa wa asilimia 100, ukague pembe zenye giza. Kama uso, mkono au ukuta uliokuwa unaonekana sasa ni weusi mtupu, rudi nyuma. Ngozi ya mtu iangalie mara mbili: jarida la Time lilimtia giza O.J. Simpson, mwanamichezo mweusi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, kwenye jalada lake la Juni 1994, wiki hiyohiyo Newsweek ikatoa picha ileile bila kuibadili. Wasomaji walihitaji tu kuyaweka majarida mawili mezani.

Vumbi la kwenye sensa ya kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, linaweza kusafishwa, lakini kwanza thibitisha kuwa ni vumbi. Fungua fremu tatu au nne zilizofuatana: vumbi hukaa palepale hata ukigeuza kamera, na huonekana zaidi ukibana tundu la lenzi hadi f/16. Doa likihama, huenda ni ndege, nawe huna ruhusa ya kumfuta ndege. Tumia brashi ndogo, na usitumie zana inayobuni pikseli mpya.

Kunakili kipande na kukibandika kwingine ni jambo ambalo sina haja ya kulijadili. Moshi wa Beirut uliozidishwa na mpigapicha Adnan Hajj mwaka 2006 ulijirudia kwa umbo lilelile, na shirika la habari la Reuters wakaondoa picha zake zote 920.

Simu ina hila zake. Zima kilainisha ngozi na kile kinachoitambua mandhari na kuikoleza rangi. Hali ya usiku huunganisha fremu kadhaa, hivyo anayekimbia anaweza kutoka na mguu wa ajabu. Kwenye vurugu, bora picha yenye chengachenga. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, maana ikienda kama picha ya kawaida hubanwa na taarifa zake za ndani hupotea. Mwenye kamera aiweke irekodi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) na JPEG kwa pamoja: Novemba 2015 Reuters waliwaambia wapigapicha wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi.

Tukirudi kwenye waya: kata ukingo wa kushoto. Kama ukikata unakata na bega la msemaji, uache waya ulivyo na utume picha. Safari ijayo, kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kona zote nne na usogee hatua mbili.