Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kuoshea kwa Presha Wakati Fedha Imekuwa Ngumu

SWALI

Ndugu Mhariri, kampuni niliyoifanyia kazi ya udereva kwa miaka tisa imepunguza wafanyakazi, nami nimo miongoni mwao. Nimelipwa kiinua mgongo cha shilingi milioni 2.8, na ninakusudia kununua mashine ya kuoshea kwa presha na kukodi fremu yenye uwanja mdogo kando ya barabara, Tabata, nioshe magari. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na rafiki yangu ananishauri nijazie kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Mke wangu anasema watu hawana fedha ya kula, sembuse ya kuoshea gari. Nani yuko sahihi? Na je, ninunue mashine ya umeme au ya petroli?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Ndugu msomaji, pole kwa kupoteza kazi. Mkeo ana hoja kuliko rafiki yako, ila hoja yake inahusu wateja wa aina moja tu. Ni kweli kwamba mtu mwenye gari lake binafsi, mambo yakimbana, huchukua ndoo na kitambaa akaliosha mwenyewe nyumbani Jumamosi asubuhi, na huyo ndiye mteja uliyekuwa unamkodia fremu. Lakini dereva wa bajaji anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawezi kuirudisha ikiwa na tope hadi kwenye viti, na abiria naye hapandi chombo kichafu ilhali kisafi kimesimama pembeni yake. Wewe umekuwa dereva, unalijua hilo. Watu hawa hulipa kidogo, ila huja mara nyingi.

Kuna kazi nyingine ambayo hali ngumu yenyewe huizalisha. Wapangaji wanahama kwa wingi kutafuta kodi nafuu, na mwenye nyumba aliyeachiwa kuta zenye alama za mikono, baraza lenye mafuta ya jiko na choo kilichokwajuka hawezi kuzionyesha kwa mpangaji mpya zikiwa vile. Ongeza pavingi za nyumba za ibada na shule, ambazo baada ya masika huota ukungu wa kijani unaoteleza, pamoja na sakafu za mabucha. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayohitaji fremu, kwa kuwa wewe ndiye unayemfuata mteja. Kwa hiyo kodi ya miezi sita iache kabisa kwa sasa, na kwa bajaji zungumza na viongozi wa kijiwe kimoja wakupe kona, ukiwalipa kwa wiki.

Kuhusu mashine, tupige hesabu. Mashine ndogo ya umeme ya kilowati 2 hutumia yuniti 2 kwa saa, na kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa yuniti, saa nzima haifiki shilingi 800. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 6.5 inaweza kumaliza lita moja au zaidi kwa saa hiyohiyo, nawe unaijua bei ya kituoni. Ya petroli ina presha kubwa na inafanya kazi mahali pasipo na umeme, lakini kwa mtu anayeanza ningechagua ya umeme. Angalia tu mita yako ya nyumbani: ikiwa iko kwenye daraja la wateja wadogo, wanaonunua umeme kwa bei nafuu hadi yuniti 75 kwa mwezi, ukiosha saa nne kwa siku zitakwisha ndani ya siku kumi, hata bila kuhesabu taa na friji, na zinazofuata utazilipia bei kubwa. Ukiwa kwa mteja, kubalianeni mapema kwamba umeme na maji ni vyake.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Mashine hiyo hutoa kama lita 8 kwa dakika. Bajaji ya dakika nne za kufyatua hula lita 32, hivyo tanki la lita 1,000 linaosha bajaji 31. Chukua bei unayouziwa tanki hilo na boza, igawe kwa 31, ndipo upange bei yako. Maji ya kisima chenye chumvi ni rahisi, lakini huacha madoa meupe kwenye vioo na kuila pampu. Ukilazimika kuyatumia, jioni pitisha maji yasiyo na chumvi ndani ya mashine kwa dakika mbili kabla ya kuifunga. Pia usiiache ikinguruma huku umeachia kifyatulio, kwani maji yanayozunguka ndani ya pampu hupata moto na kuharibu sili, yaani mipira ya ndani inayozuia maji kuvuja.

Jambo moja nimelishuhudia mtaani kwetu. Kijana aliweka nozeli nyekundu, ile ya nyuzi sifuri inayotoa maji kama sindano, akaisogeza karibu na boneti iliyowahi kupigwa rangi upya. Rangi ilibanduka kwa mstari mrefu kama aliyeandika kwa chaki, na alichopata wiki nzima kikaishia kwa fundi rangi. Magari yaoshwe kwa nozeli nyeupe, ya nyuzi 40. Ya kijani iwe ya pavingi. Nyekundu iweke kabatini, na kamwe usiielekeze kwa mtu, maana maji hayo hupenya ngozi na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo.

Kausha damu usiiguse: marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, wakati mwenye nyumba anaweza kukulipa baada ya mwezi. Tumia nusu ya fedha yako kwa mashine, mipira, tanki na sabuni. Nusu nyingine ibaki ya chakula na ya pampu ya akiba. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA), na kuhusu leseni waulize ofisi ya biashara ya halmashauri kabla hujaweka kibao. Kabla ya hayo yote, pita kwa wenye nyumba watano unaowafahamu, uwaulize ni lini mpangaji wao wa mwisho alihama.