Jibu: Friji inajizima pampu ya maji ikiwaka

Mkuu, unasema betri ya pili kwenye Hiace yako uliyoigeuza nyumba inasoma volti 12.6, lakini friji inajizima kila pampu inapowaka. Usikimbilie Kariakoo kununua betri nyingine. Pima ethi kwanza, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia waya na bodi ya gari.

Weka mita kwenye volti za DC, washa friji na pampu pamoja. Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri, yaani risasi yenyewe, si taminali (kibano cha waya kinachoishika). Nyingine iguse waya hasi unapoingia kwenye friji. Ikizidi volti 0.2, umeme unapotelea njiani. Acha ncha ya kwanza pale pale, sogeza ya pili hatua kwa hatua kuanzia betri: taminali, kichwa cha waya, bolti ya bodi. Namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Usitegemee kipimo cha omu (ukinzani wa waya), maana waya uliobakiza nyuzi mbili tatu husoma vizuri mpaka mzigo upite. Upande wa chanya, pima vivyo hivyo.

Mara nyingi ni bolti iliyokazwa juu ya rangi, au kutu. Gari linalolala Kigamboni karibu na bahari, ningeanza na kutu. Chomoa hasi ya betri, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza kwa washa ya meno (pete ya chuma yenye meno, chini ya bolti), ndipo upake grisi juu. Skrubu za bati hazifai kwa ethi.

Na hiyo fyuzi uliyosema haipo, tafadhali iweke leo: kwenye chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Ukubwa wake ufuate unene wa waya.