Mtoto anayejibu "ndiyo" na "sawa" tu kwenye simu

Ndugu, umeuliza kwa nini binti yako wa miaka 7, tangu utengane na mama yake, anakujibu "ndiyo", "sawa", kisha kimya. Usikimbilie kusema kalishwa maneno. Angalia kwanza mnavyoongea. Mara nyingi spika imewashwa, mama yuko pembeni, na mtoto anamtazama usoni kabla hajajibu. Hapo hata "umekula nini?" ni mtihani, kwa kuwa anahofia jibu lake litamuumiza mmoja wenu.

Kubaliana na mama yake siku na saa, tuseme Jumatano na Jumapili baada ya chakula cha jioni. Usipige katikati ya katuni wala akishaanza kusinzia. Kwa umri huo dakika 10 zinatosha. "Shule vipi?" achana nayo, utajibiwa "nzuri" basi. Uliza kitu kidogo: "Leo ulikaa na nani darasani?" Bora zaidi, fanyeni jambo pamoja: kwenye simu ya video, egemeza simu kwenye kikombe, kila mtu na karatasi yake, mchore paka. Akiwa anapaka rangi masikio ndipo atakapokuambia aliyemsukuma mapumzikoni.

Nani kaja nyumbani kwa mama, usiulize kabisa. Habari za ada na viatu mtumie mama mwenyewe. Mtoto akitumwa, hasira ya jibu humwangukia yeye. Akiuliza "utarudi lini?", mjibu wazi: "Sitarudi kuishi hapo. Si kosa lako. Jumapili nitakupigia." Na upige kweli, maana atasubiri. Ikishindikana, kesho yake sema "jana sikupiga, samahani", bila maelezo marefu.

Wazazi wengi huacha kupiga simu ikiwa mtoto hulia mwishoni mwa maongezi, wakidhani wanamtonesha. Inaniuma kila nikiliona hilo, kwa sababu mtoto huelewa kwamba kilio chake ndicho kilichokufukuza. Mwambie mapema kwamba zimebaki dakika 2, kisha mwagane kwa maneno yaleyale kila mara. Asipotaka kuongea, mwachie ujumbe wa sauti wa nusu dakika usiodai jibu.

Mama akizuia simu bila sababu ya usalama, tafuteni mpatanishi mnayemheshimu nyote, mahakama ibaki ya mwisho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unampa mtoto haki ya kuwasiliana mara kwa mara na mzazi asiyeishi naye, isipokuwa pale inapopingana na maslahi yake. Haki hiyo ni ya mtoto, kwa hiyo ombi lako liseme anachohitaji yeye, ukiambatanisha tarehe na saa za simu zilizokataliwa, bila tusi hata moja.