Pima maji kabla hujawasha pampu

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia maji mgodini nilikabidhiwa faili nene la leseni na funguo za chumba cha pampu, nikaamini kila kitu kipo sawa. Miezi michache baadaye majirani wakaja getini: visima vyao vinakauka. Nilitamani kuwajibu kwa ushahidi. Kama ni sisi, tuwafidie. Kama ni kiangazi, waone wenyewe. Sikuwa na kipimo hata kimoja cha siku za kabla ya pampu kuwashwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu wale watu walikuwa wakweli na sikuwa na namna ya kulithibitisha wala kulikanusha neno lao.

Basi kama unaanza mradi, anza na visima vya watu. Pima kina cha maji kwa mwaka mzima angalau, ili upate masika na kiangazi. Pima mtiririko wa vijito. Chukua sampuli za maji upime pH (kiwango cha asidi), chumvi, salfeti na metali. Na usiende peke yako: mwenye kisima ashike kamba ya kupimia, aone namba, abaki na nakala. Takwimu ambazo jirani hakuziona zikichukuliwa hazitamtuliza siku ya ugomvi.

Kinachotokea chini ya ardhi ni hiki. Shimo la mgodi likivuka kina cha maji ya ardhini, maji yanaingia nanyi mnayavuta nje. Usawa wa maji unashuka kuzunguka shimo kama faneli, na faneli hiyo hupanuka kadiri mnavyoendelea kuvuta. Kwenye miamba yenye nyufa haifuati duara: kisima cha karibu kinaweza kusalimika na cha mbali kikakauka. Ndiyo maana visima vya uangalizi huchimbwa pande zote, si upande wa kijiji pekee.

Kuhusu haki, wengi hujikwaa hapa: leseni ya kuchimba madini si haki ya kutumia maji. Katika nchi nyingi ni sheria mbili tofauti, na kibali cha kuchukua maji hakikupi ruhusa ya kuyamwaga mtoni. Kuna kwingine, kama majimbo ya magharibi mwa Marekani, ambako aliyetangulia kuyatumia ndiye hutangulia kupewa ukame ukija. Soma kibali chako: chanzo kipi, kiasi gani, mpaka lini. Uliza pia, kwa maandishi, kama maji unayoyavuta ili shimo likauke tu yanahesabiwa. Nimeona watu wakidhani ni ya bure.

Halafu weka daftari la urari wa maji: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10. Bwawa la topesumu, yaani matope yenye sumu yanayobaki baada ya kuchenjua madini, la hekta 100 likipata milimita 50 usiku mmoja, limepokea mita za ujazo 50,000 kabla hujaamka. Je, nafasi ipo? Januari 2000 huko Baia Mare, Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vililemea bwawa la topesumu la kiwanda cha kuchenjua dhahabu, likapasuka, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sumu ya sianidi zikaingia mitoni hadi Danube. Samaki walikufa kwa wingi.

Maji safi yakingwe kwa mitaro yasikutane kabisa na machafu. Ni kazi rahisi kuliko kuyasafisha. Hasa kama mwamba wako una pairiti (madini ya chuma na salfa), maana ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali. Hali hiyo haiishi mgodi ukifungwa. Kwenye Berkeley Pit, shimo la mgodi wa zamani wa shaba huko Montana, Marekani, pampu zilizimwa 1982, shimo likajaa maji ya asidi, na hadi leo maji yake yanalazimika kuvutwa na kusafishwa.

Wale majirani zangu tuliwachimbia visima virefu zaidi. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi tulipima pamoja, na namba ziliandikwa ubaoni pale pale getini walipokuja kulalamika.